Mwalimu Yin Nwet na Kurasa Mbili

Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa akibishana na Shangazi Hla Kywe, mwenye duka, kuhusu ukubwa wa herufi.

Duka letu la kutoa kopi lilikuwa Mandalay, mtaa wa sabini na tatu, ng'ambo ya geti la chuo. Kila mwaka baada ya sikukuu ya maji, wanafunzi wanaosoma kwa posta waliitwa mjini kwa siku kumi za masomo ya mfululizo, kisha wakafanya mtihani. Siku hizo ndizo zilizotulisha mwaka mzima. Na wote walitaka kitu kimoja: madesa, yaani muhtasari wa mwalimu, yapunguzwe mpaka yaenee kiganjani, yaingie kwenye pindo la longyi, kikoi chetu, siku ya mtihani. Kazi hiyo niliijua vizuri. Niliweza kuingiza kurasa nane katika karatasi moja na bado mtu mwenye macho mazuri akazisoma.

Huyu alitaka yakuzwe.

"Dada, kukuza kunakula karatasi," Shangazi alimwambia. "Wenzako wote wanapunguza."

"Wenzangu wanaficha. Mimi nataka kusoma. Macho yangu yameliwa na moshi na mishumaa. Au huyu kaka hajui kukuza?"

Nikainamia mashine. Sikuwa na mazoea ya kusema na wateja. Nilisoma madarasa manne katika shule ya monasteri, na herufi za Kiingereza nilizijua sura tu, kama unavyowajua watu wa mtaa wa pili. Kazi ya kopi haidai zaidi ya hapo.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, thanaka, ile poda yetu ya gome la mti, imepakwa mashavuni haraka-haraka kama mtu anayepiga chokaa ukuta kabla ya wageni kufika. Mwavuli kwapani. Mkononi alikuwa na kitabu kimefungwa katika kitambaa, na alipokifungua niliona kuwa ni ule mchezo wenyewe, tanzia ya yule mtunzi Mwingereza wa kale ambaye chuo chetu hakikuweza kuishi bila yeye. Miaka kumi na tatu nilikuwa nimetoa kopi za madesa ya mchezo ule, dhamira zake na wahusika wake, na sikuwa nimewahi kumwona mwanafunzi mwenye kitabu chenyewe.

Jina lake lilikuwa Yin Nwet. Alitoka kijiji kimoja upande wa Myingyan, kule kwenye nchi kame ya miti ya mivumo, na kila alipokuja alituletea sukari guru katika kikapu cha ukindu. Mashine yetu ilikuwa kuukuu. Kila baada ya karatasi mia ilibidi ipumzike, la sivyo ilianza kunuka. Wakati ikipumzika, yeye alikaa kwenye benchi na kunisimulia mambo yake, kwa kuwa nilikuwa mtu asiyekatiza.

Alikuwa mwalimu wa kibarua kwa miaka kumi na tisa. Shule ya kijiji ilianza kwa mianzi iliyokatwa na wanakijiji wenyewe, na mtawa wa monasteri yao ndiye aliyemwomba afundishe, maana alikuwa mtu pekee pale aliyefika darasa la kumi. Baadaye serikali ikaichukua shule na ikaleta barua: mkuu wa shule lazima awe na shahada. Nafasi ilikuwa moja tu. Asipoipata yeye, ataletwa mtu kutoka mjini, na yeye ataondoka.

Kwa hiyo akaanza kusoma kwa posta. Masomo yote alifaulu, ukabaki mtihani mmoja, wa ile tanzia. Huo alianguka mara mbili. Mara ya tatu kwa sheria yao ilikuwa ya mwisho.

"Mara ya kwanza niliandika nilichoelewa," aliniambia. "Mara ya pili nikaandika nilichoelewa, kwa mwandiko mzuri zaidi." Akacheka peke yake. "Mwaka huu nimesalimu amri, Kaka Shein. Nitakariri kama kasuku. Herufi kwa herufi, na nukta zake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Swali likiuliza tabia ya mhusika fulani, jibu lilikuwa lile la mwalimu, na ukibadilisha neno umejipunguzia alama. Asubuhi ungewaona wanafunzi chini ya ukuta wa chuo, wakitembea huku na huko na karatasi zao, wakisoma kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake, kama soko la ndege.

Lakini hata aliposema atakariri, hakuweza kuacha kufikiri. Mashine ikipumzika alinisimulia mchezo ule kwa lugha yetu. Bwana mmoja mpiganaji anatabiriwa ufalme. Mfalme anakuja kulala kwake, mgeni, na yule bwana anamuua, anakuwa mfalme yeye. Bwana huyo ana rafiki yake aliyekuwepo siku ya utabiri. Huyu anashuku, lakini ananyamaza, maana naye aliahidiwa fungu lake. Baadaye anauawa pia. Kuna bwana mwingine anayekimbia nchi, na nyuma yake mkewe na watoto wanachinjwa. Huyo ndiye anayerudi mwishoni na upanga.

"Dhamira ni tamaa," alisema. "Kila desa linasema tamaa. Mimi naona tamaa ilikuwa ya nyumba moja, lakini ukimya ulikuwa wa nchi nzima. Waliokaa kwenye karamu ya huyo mfalme mpya, unafikiri hawakujua?"

Nikauliza, na ninakumbuka kwa sababu ni mara chache nilimuuliza mtu kitu: "Yule rafiki, kwa nini asiseme mapema?"

Alinigeukia kana kwamba nimempa zawadi. "Hilo ndilo swali! Kwanza, akisema atakosa alichoahidiwa. Pili, heshima. Usidhani ni sisi tu tunaoona haya kumwambia mkubwa kwamba amekosea." Akamwita mwenye duka. "Shangazi! Huyu mtu wako umemficha kwenye wino, angekuwa profesa!"

"Akiwa profesa nani atabadilisha wino?" Shangazi akajibu bila kuinua macho.

Mwaka ule wa mtihani wake wa tatu madesa yalitoka kwa Mwalimu U Myat Thaw, mkubwa wa somo lile, ambaye kwa heshima tulimwita Saya, yaani mwalimu. Watu wote walimheshimu, nami pia. Yalikuwa kurasa ishirini na nne kwa mkono wake, bila pini. Alikuwa na tabia moja: aliandika majina ya wahusika wote katika ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio, kisha kila mhusika akampa ukurasa wake bila kurudia jina. "Mtu huyu ni jasiri." "Mtu huyu ni mwaminifu." Ukitaka kujua mtu huyu ni nani, ulihesabu kurasa. Namba za wahusika aliziandika pembeni kwa penseli, hafifu mno, mashine yetu haikuzishika.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, watu wamejaa mpaka barabarani, umeme ukakatika. Karatasi moja ikabaki juu ya kioo, nyingine mkononi mwangu, na iliyokuwa ikitoka ikakwama ndani ya mashine. Nikafungua, nikavuta, nikachafuka wino mpaka kwenye viwiko. Umeme uliporudi baada ya saa nzima, Shangazi alikuwa akipiga kaunta. "Haraka, we! Watoto wa watu wanasubiri! Na ukiharibu seti hata moja nakurudisha kwenu ukachunge ng'ombe!" Nikapanga kurasa za mwalimu mahali pake, nikaendelea. Tulitoa seti mia tatu na arobaini. Jioni nikabeba nyingine thelathini mpaka ofisi ya mitihani, kwa ajili ya wasahihishaji, maana madesa ya mwalimu ndiyo yaliyokuwa mwongozo wao.

Jumanne asubuhi Yin Nwet alikuja na seti yake iliyokuzwa, amekunja pembe za kurasa mbili. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wasichana watatu wakikariri, na mmoja wao, Nway Oo, binti mcheshi kutoka Monywa, alikuwa kwenye ukurasa uleule.

"Mdogo wangu," Yin Nwet akamuuliza, "huyo unayemkariri ni nani?"

"Rafiki wa mfalme, Mwalimu. Wa kumi na moja."

"Na amefanya nini?"

Nway Oo akafumba macho, akatiririka kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi, kisha akafafanua kwa lugha yetu: "Familia yake ilichinjwa, akarudi na jeshi, akamkata mfalme kichwa."

"Rafiki wa mfalme anauawa katikati ya mchezo. Anamkataje mtu kichwa mwishoni?"

Wasichana wakatazamana. Nway Oo akawaza kidogo tu. "Si amekuwa nat!"

Wenzake wakapiga makofi. "Ehee! Kafa kifo kibaya, lazima awe nat!"

"Na hata mchezoni anatokea kwenye karamu akiwa ameshakufa," Nway Oo akaongeza, "Saya alisema darasani. Anakaa kwenye kiti cha mfalme."

"Anakaa. Hashiki upanga."

"Basi alikwenda kuuchukua, Mwalimu!"

Wakacheka mpaka karatasi zikawaanguka. Lakini hawakuwa wanatania tu, na hapo ndipo kosa lilipopata mizizi. Kwetu aliyeuawa kwa dhuluma hapotei, huwa nat, mzimu mwenye nguvu. Hujengewa kibanda, hupewa nazi na ndizi, na watu humwogopa kuliko alipokuwa hai. Ungewaambia wanafunzi mia tatu wa Kizungu kwamba marehemu amerudi kulipiza kisasi, angalau mmoja angeshtuka. Wetu waliona ni jambo la kawaida kabisa.

Yin Nwet akaja kaunta. Akashusha sauti. "Kaka Shein, kurasa hizi mbili zimepishana. Ya kumi na moja ni ya kumi na mbili. Naomba nione karatasi za Saya mwenyewe."

Karatasi za Saya zilikuwa kwenye droo, kando ya goti langu. Shangazi alikuwa nyuma yangu akila mbegu za alizeti. Nilisikia maganda yakikoma kudondoka.

Nikasema, "Hivi ndivyo Saya alivyotupa."

"Una hakika?"

"Hivi ndivyo."

Akanitazama kidogo. Akafunga kurasa zake, akaondoka na mwavuli wake.

Shangazi alipokwenda kula mchana nikavuta droo. Nikazielekeza karatasi kwenye mwanga wa mlango. Namba zetu nazisoma vizuri, hata za penseli. Juu ilikuwa kumi na mbili, chini yake kumi na moja. Nilizipanga mimi. Nikazirudisha kama zilivyopaswa kuwa, nikafunga droo, nikaenda kunawa mikono.

Tulikuwa Jumanne, mtihani ulikuwa Ijumaa. Ofisi ya mitihani iko hatua mia mbili kutoka dukani. Ningeweza kwenda. Jumatano nilijiambia nitakwenda nikipata nafasi. Nilifika hata kwenye geti, nikamwona mlinzi, akaniuliza, "Unataka nani?" nikasema, "Hakuna," nikarudi. Ningemwambia nani, na kwa maneno gani? Kwamba karatasi ya U Myat Thaw ina kosa? Mtu wa darasa la nne?

Alhamisi Yin Nwet alikuja kununua kalamu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nilikwenda kwa Saya," alisema. "Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa mara tatu, nikampa sukari guru. Nikasema, Mwalimu, huenda mimi ndiye nisiyeelewa, lakini huyu mtu ameshakufa. Akachukua karatasi. Hata miwani hakuvaa. 'Mwandiko wa nani huu?' Wako, Mwalimu. 'Nani amefundisha mchezo huu miaka ishirini na sita?' Wewe, Mwalimu. 'Basi nenda kakariri, binti yangu, uache kutafuta makosa ya wakubwa. Ndiyo maana unaanguka.'"

"Ukasema nini?"

"Nilisema nini? Nilisema ahsante, Mwalimu. Ungesema nini wewe?" Akajaribu kalamu kwenye kiganja chake, mstari mmoja, miwili. "Kesho swali hilo likija, niandike nini, Kaka Shein?"

Aliniuliza hivyo waziwazi, na Shangazi hakuwepo. Hata sasa sina kisingizio cha dakika ile.

Nikasema, "Andika lililomo kwenye karatasi."

"Hata kama ni uongo?"

"Wote wataandika hivyo."

"Na watoto wangu wakiniuliza mwalimu alipataje shahada?" Hakungoja jibu. Alinunua kalamu mbili, ya pili ya akiba.

Ninalolijutia lina pande mbili, na kila upande unachoma kwa namna yake. Ushauri wangu ulikuwa wa woga, lakini kama angeufuata angefaulu.

Swali lilikuja. Lilikuwa la kwanza, lenye alama ishirini na tano: eleza tabia ya rafiki wa mfalme. Nilimwona akitoka getini saa sita na kundi la wanafunzi, wote wakipiga kelele kwa furaha kwamba limekuja, limekuja. Alivuka barabara polepole.

"Umeandika?" nikamuuliza.

"Nilianza ya Saya. Mistari minne. Nikaikata." Akajipepea na karatasi ya maswali. "Nimeandika kwamba alijua, akanyamaza, akafa. Kurasa tatu. Sijawahi kuandika vizuri hivyo maishani mwangu, Kaka. Hata wao wataona."

Matokeo yalibandikwa mwezi wa Agosti, mvua ikinyesha, wino ukichuruzika ukutani. Nway Oo alipita, akatuletea lahpet, majani ya chai yaliyochachushwa, na njugu, akatulisha wote dukani. Namba ya Yin Nwet haikuwepo. Niliitafuta mara tatu, kwa kidole, kuanzia juu.

Wiki ile alikuja msahihishaji mmoja kijana kutoa kopi za barua zake. Nway Oo, aliyekuwa bado mjini, akamtania kwamba alisahihisha akiwa usingizini. "Mngenihurumia," kijana akasema. "Majibu mia tatu, yote sawasawa mpaka koma. Mmoja tu aliandika rafiki wa mfalme alikufa. Na mimi nikakumbuka, mbona kweli alikufa? Lakini mwongozo ni mwandiko wa Saya. Nani aanze kusema? Nikampa alama mbili za Kiingereza kizuri."

Wakacheka. Nikaendelea kubana karatasi.

Nilidhani sitamwona tena. Lakini mwisho wa mvua, siku moja mchana, aliingia na mwavuli uleule. Amekonda. Thanaka hakupaka. Akaweka karatasi moja juu ya kaunta, imeandikwa kwa mkono, kwa lugha yetu.

"Kopi tatu," alisema. "Ya ofisi ya wilaya, ya kijana, na yangu."

Ilikuwa orodha ya makabidhiano ya shule. Ubao mmoja, mguu umefungwa kwa waya. Madawati ishirini na mbili. Kengele ya chuma cha reli. Mtungi wa maji na bati lake. Ramani ya nchi, imechanika upande wa kusini. Chini kabisa majina ya watoto sitini na mmoja, kila mmoja na alama ndogo mbele yake: huyu hasikii vizuri, huyu asikae nyuma, huyu akikosa kuja mfuate kwao, baba ni mlevi.

"Kijana gani?" nikauliza.

"Mkuu mpya. Mtoto wa Sagaing. Kapata shahada mwaka huu huu." Akanyoosha pembe ya karatasi. "Si mbaya. Ana adabu. Ananiita Mwalimu. Jana amenionyesha cheti chake, akaniuliza kama kijijini kuna umeme."

"Na wewe?"

"Kaka yangu ana mashine ya kukamua karanga kule Myingyan. Anahitaji mtu wa kukaa mlangoni."

Mashine ikavuta karatasi ya kwanza. Ya pili. Mwanga ukapita chini ya kifuniko na kurudi. Shangazi alikuwa sokoni.

"Mwalimu," nikasema. "Zile kurasa. Nilizipishanisha mimi. Ile Jumamosi umeme ulipokatika. Ulipokuja Jumanne karatasi za Saya zilikuwa hapa, kwenye droo hii. Ulipoondoka nikatazama. Nikajua."

Alinyoosha mkono, akachukua ya kwanza, akaisoma mstari kwa mstari kama anayetafuta kosa, kisha ya pili. Ya tatu ilipotoka akaichukua kabla sijaigusa, ikiwa bado ya moto. Akazikunja zote pamoja na ile ya mkono, akaziweka kwenye mfuko wake wa bega. Nikasema asilipe. Akalipa, akaweka noti kwenye kaunta na kuilaza kwa kiganja.

Akafika mlangoni, akafungua mwavuli ingawa hapakuwa na mvua, ila jua. Kisha akageuka.

"Neno hilo lilikuwa na kazi Jumanne ile, Kaka Shein, na Jumatano, na Alhamisi nilipokuuliza nikiwa nimesimama hapahapa. Leo halina kazi kwangu, wala kwa watoto wangu. Usinibebeshe. Kaa nalo mwenyewe."